Koti Lenye Bitana ya Kijani

Komeo liliingia mahali pake, kwa sauti ndogo tu, na Fundi akajua amefungiwa ndani ya duka lake mwenyewe.

Hapo ndipo tulipokatia wiki iliyopita, ndugu msomaji, na wengi mmelalamika kwamba tulikata vibaya. Haya, tuendelee. Fundi alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta sindano iliyomponyoka. Alipoinua kichwa, aliuona mkasi wake mkubwa wa kukatia kitambaa uko mikononi mwa Mama Pacha.

"Inuka," alisema Mama Pacha. "Sikuja kukuchoma. Ningetaka hivyo ningekuja na kisu changu, nisingeazima mkasi wako."

Fundi aliinuka taratibu.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo yako hivi. Fundi ni mwanamke; mchana hushona na kurekebisha nguo. Jioni huandika blogu yake iitwayo Mbele ya Kioo, na humo husimulia yale ambayo wateja humwambia akiwa anawapima. Mama Pacha ni mjane mwenye watoto mapacha. Alimletea Fundi koti la marehemu mumewe alipunguze, limwenee mwanaume mwingine anayetaka kumwoa. Alimwomba asimwambie mtu. Fundi hakumwambia mtu. Aliandika.

"Soma." Mama Pacha alimsukumia simu kifuani.

"Mama Pacha, hebu tuongee kama..."

"Kama nani? Kama mashoga? Uliandika kwa raha, soma kwa raha!"

Fundi alisoma.

"'Majira ya baridi ya mwaka jana, mama mmoja aliingia dukani na koti la mumewe. Koti la rangi ya majivu, kwa ndani bitana ya kijani kibichi. Vifungo vya juu vimeshonwa kwa uzi wa kahawia, viwili vya chini kwa uzi mweusi. Alitaka lipunguzwe mabega ili limwenee mwanaume mwingine. Nikamuuliza, mwenyewe hatalitafuta? Akatabasamu. Akasema, mwenye koti hatalihitaji tena.'"

"Endelea."

"Zaidi ya hapo ni maneno yangu tu."

"Na hayo juu si yako? Ni ya nani, ya jirani?"

"Jina lako sikuliandika," Fundi alijitetea. "Mungu ni shahidi. Umri nimebadilisha, watoto nimewaondoa kabisa..."

"Koti je?"

Kuhusu koti hakuwa amebadilisha hata uzi mmoja. Ndivyo alivyokuwa akiandika siku zote. Angeweza kumzulia mtu umri, mtaa na sura, lakini mkono wake ulikataa kudanganya kuhusu nguo. Bitana ikiwa ya kijani, aliiandika ya kijani.

"Koti lile mume wangu alilivaa kwenye kila sherehe ya ukoo," alisema Mama Pacha. "Vifungo vile nilivishona mimi, uzi wa kahawia ukaniishia. Walinicheka ukoo mzima! Mawifi walinitungia na wimbo. Leo unaniambia jina hukuliandika? Bora ungeandika jina ukaacha vifungo. Wenye jina langu wamejaa."

"Sikufikiria..."

"Sijafika huko. Nakuuliza, nilikuletea koti lini?"

"Mwaka huu."

"Mwaka huu lini?"

"Ulipokwisha kukaa na msiba wako."

"Nilikaa nao mpaka majirani wakachoka kunionea huruma. Sasa hii baridi ya mwaka jana imetoka wapi?"

"Nilisogeza muda nyuma," alisema Fundi, akiona ameulizwa jambo ambalo ana jibu lake. "Ili usijulikane. Nafanya hivyo kwa wateja wote. Nasogeza muda, nabadilisha..."

"Ulisogeza ukanifikisha wapi, Fundi? Baridi ile mume wangu alikuwa wapi?"

Fundi alihesabu miezi kichwani.

Yule mume alikuwa wodini. Mtaa mzima ulijua kwamba baridi ile mume wa Mama Pacha alikuwa amelazwa. Na alikuwa hai.

"Ndiyo, tulia hivyo hivyo likuingie," alisema Mama Pacha. "Mume wangu anakunywa maji kwa kijiko, mimi niko hapa kwenye kioo chako nampimia mwanaume koti lake. Halafu nasema hatalihitaji tena. Nilijuaje kwamba hatalihitaji? Eh? Kila anayesoma anajiuliza hilo, nilijuaje!"

"Ee Mungu wangu."

"Usimsumbue Mungu. Kesi hii umeifungua mwenyewe. Niambie, siku ile nilifanya nini mbele yako? Nilitabasamu?"

"Ulilia."

"Ukanipa nini?"

"Kipande cha kitambaa ujifute."

"Kwenye blogu mbona natabasamu?"

Fundi alitazama chini. "Wanaolia hapa kwangu ni wachache. Niliona machozi yatakutambulisha."

Mama Pacha alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya kuliko mkasi. "Kwa hiyo ukanivua machozi ukanivisha meno. Hongera. Kweli wewe fundi."

Akavuta kiti, akakaa kati ya Fundi na mlango.

"Sikiliza. Shemeji yangu amelisoma hilo jambo lako kwenye kundi la ukoo. Leo saa kumi kuna kikao. Anataka wanangu. Anasema mwanamke aliyekuwa anagawa nguo za mgonjwa hafai kulea damu yao. Wazee wakikubali, jioni ya leo pacha wangu wanabebwa. Umenielewa? Leo."

"Nafuta sasa hivi."

"Futa! Watasema nimekutisha. Nakala wanazo kwenye simu zao. Nataka uandike ukweli, na usimame mbele yao uuseme."

Fundi aliwaza watu wanaomsoma kila wiki. Aliwaza maneno aliyoyaweka juu kabisa kwenye blogu yake, kwa herufi nene: Yote humu yametokea. Alikuwa akijivunia maneno yale kuliko gauni lolote alilowahi kushona. Je, aandike leo kwamba hayakutokea?

Kabla hajajibu, mlango uligongwa.

"Hodi hapa! Fundi wetu! Mbona umejifungia, au unaandika nyingine?"

Wote wawili waliitambua ile sauti. Alikuwa Shemeji mwenyewe, kaka mkubwa wa marehemu. Anauza matairi, lakini mtaani wanamwita Wakili kwa sababu hakuna ugomvi unaompita bila yeye kutetea upande mmoja.

Mama Pacha aliteleza nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Mkasi aliondoka nao.

Fundi alivuta komeo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwandishi!" Wakili aliingia akitabasamu, akakalia kile kiti ambacho kilikuwa bado kina joto. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza ya kukatia. "Nimeichapisha kwa herufi kubwa ili wazee wasisumbuke na miwani. Saa kumi nakuhitaji kikaoni. Hutahutubia. Utasema tu kwamba umeandika wewe na ni kweli."

"Si kweli."

"Lipi si kweli? Koti?"

"Koti ni kweli. Muda ndio niliubadilisha. Alikuja mwaka huu, mumewe alikuwa ameshazikwa."

Wakili aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza tairi likivuja. "Juu pale umeandika yote yametokea."

"Nilikuwa namficha mtu."

"Ulikuwa unamficha mtu kwa kumtangaza? Akili hiyo umeipata duka gani, na sisi tukanunue?"

"Shemeji yako hana kosa. Kosa ni langu."

"Unamtetea vizuri. Lakini ukisimama pale ukasema ulidanganya, wazee watakuuliza ulidanganya lini, wakati ule au leo. Utawajibu nini? Wataona tu kwamba mjane amekuja hapa akalia, nawe ukalegea."

Nyuma ya pazia, kibanio kimoja cha nguo kilianguka. Wakili aligeuza shingo.

"Panya," alisema Fundi haraka.

"Watakula vitambaa vya watu hao," alisema Wakili. Akarudi kumtazama. "Sasa nikwambie jambo la pili, maana naona la kwanza halikukuingia. Mimi na mke wangu tumekaa na blogu yako tangu juzi. Tumecheka! Yule bibi harusi uliyemwongezea kiuno mara mbili kabla ya ndoa, gauni la mikono ya lesi. Tulikaa naye meza moja, mama. Na yule mzee mheshimiwa aliyeshonewa mfuko wa siri ndani ya suruali ili mkewe asiuone. Suti ya mistari, bega moja limeshuka. Kila asubuhi namsalimia."

Wakili aliigonga karatasi kwa kidole.

"Karibu wote tumewajua. Unaandika nguo vizuri mno, hata kipofu angezitambua. Usipofika kikaoni, au ukifika ukageuka, nitamwambia kila mmoja kwamba aliyeandikwa ni yeye. Nitakuletea wote hapa hapa mlangoni. Uwapime tena."

"Hawa watu hawajakukosea kitu!"

"Wewe walikukosea nini?"

Swali hilo lilimchoma Fundi. Alijaribu upande mwingine.

"Tangu mdogo wako afe, hao watoto hujawapelekea hata penseli. Leo umewapenda lini? Kila mtu anajua nyumba ile marehemu aliwaandikisha pacha. Anayewalea ndiye atakayekaa humo."

Tabasamu la Wakili lilizimika. Aliinuka, akaikunja karatasi yake, akamsogelea mpaka Fundi akasikia harufu ya mpira kwenye nguo zake.

"Hilo nalo liandike," alisema polepole. "Kijitu kama wewe, uliyekaa kwenye kiti ukauza siri za wanawake wenzako ili usifiwe na watu usiowajua, leo unanifundisha huruma? Saa kumi. Usichelewe."

Mlango ulibamizwa, mikasi midogo ikalia ukutani.

Pazia lilifunguka. Mama Pacha alikuwa amesimama na mkasi, macho makavu.

"Umesikia?" Fundi aliuliza.

"Nina masikio. Chagua. Mimi, au wateja wako."

"Si rahisi kama unavyosema."

"Kwangu ni rahisi sana. Wao wataona aibu. Mimi nitapoteza watoto."

Fundi aligeukia cherehani, akaweka mikono juu ya gurudumu lake, akafumba macho. Hakuomba kwa maneno marefu. Aliomba moyoni: Mungu, siombi unitoe humu, nimejiingiza mwenyewe. Nionyeshe tu nianzie wapi.

Alipofumbua macho alichukua simu.

Alianza na bibi harusi. Alifuta. Akaja kwa mzee wa suti ya mistari, akafuta. Alifuta ya mama aliyekuwa akificha kovu, na ya binti aliyeazima sare. Nyingine alizipenda, nyingine zilisifiwa na watu wengi, na zote alizifuta bila kuzisoma mara ya mwisho. Alijua Wakili anazikumbuka. Lakini angalau mtu mwingine asiye Wakili asije akakaa na mkewe akacheka.

Kisha akayafuta yale maneno ya herufi nene.

Ilibaki ya koti peke yake. Hiyo hakuifuta. Aliandika juu yake:

"Mimi ninayeandika blogu hii nimewadanganya. Mama aliyeleta koti hili hakuja majira ya baridi ya mwaka jana. Alikuja mwaka huu, mumewe akiwa ameshazikwa. Hakutabasamu, alilia. Nilibadilisha muda na machozi nikidhani namlinda, na kumbe nimemsingizia. Mwenyewe aliniomba nisiseme. Sikuwa na haki ya kuandika hata neno moja."

Mama Pacha alisoma juu ya bega lake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, aliuweka mkasi mezani.

"Inatosha," alisema. "Muda ndio niliotaka. Rusha."

Lakini Fundi hakurusha. Aliyatazama maneno yake, akayaona makavu, kama nguo isiyo na pindo. Aliona ameeleza kosa lake lakini hajamsafisha huyu mama. Wazee wangesoma, na bado wangejiuliza. Vidole vyake vikaongeza mstari:

"Naapa mbele ya Mungu: mama huyu hakuwahi hata kumfahamu mwanaume mwingine mpaka mumewe alipolala kaburini."

"Huo wa mwisho sikukwambia uandike," alisema Mama Pacha.

"Ndio unaokuokoa."

"Nimesema muda unatosha."

"Si ni kweli lakini?"

Mama Pacha alikuwa ameshageukia kioo, anafunga kitambaa chake kichwani. Labda hakusikia. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi, na Fundi, kama kawaida yake, alichukua ukimya wa mteja akaushona anavyotaka.

Akarusha.

Walikuwa bado wanatafuta viatu simu ilipoanza kulia. Wasomaji hawakumhurumia.

"Mwongo mkubwa."

"Nilikuwa namsomea mama yangu mgonjwa kila wiki, kumbe namsomea uzushi!"

"Kesho utatuambia hata cherehani huna."

"Nilikuletea gauni langu mwezi uliopita. Ukiandika habari zangu nitakutafuta."

Fundi aliyasoma yote, kwa sababu aliona ni haki yake kuyasoma. Kila moja lilimpiga, na kila lilipompiga alisema kimya kimya, sawa. Kisha likaja la tano. Lilikuwa refu kidogo, na halikuwa na tusi hata moja.

"Koti hilo ninalivaa mimi. Nimechoka kufichwa kama mwizi. Fundi, umekosea kuapa. Mama huyu nilimfahamu majira yale yale ya baridi, wodini. Mimi ni muuguzi. Siku aliyofariki mumewe, aliyekuwa zamu kitandani pake ni mimi."

Fundi alisoma tena. Mwanaume ambaye alimpunguzia lile koti, Fundi hakuwahi kumwona. Mama Pacha alileta shati tu la kupimia. Hakuuliza ni nani. Hakuuliza walikutana wapi. Aliuliza kuhusu mabega.

"Mama Pacha." Fundi alimsogezea simu. "Kuna mtu anafanya utani mbaya hapa. Hebu tazama. Niambie ni utani."

Mama Pacha aliipokea simu. Alisoma. Fundi alingoja apige kelele, atukane, ajirushe chini, afanye chochote kile ambacho mtu aliyesingiziwa hufanya.

Mama Pacha alimrudishia simu.

"Nilimkataza asiseme," alisema.

"Asiseme nini? Mama Pacha! Mlifahamiana mumeo akiwa hai? Na siku ile... siku ile alikufaje?"

"Habari zangu umeshaandika za kutosha."

"Basi nafuta ule mstari. Naufuta sasa hivi, nawaambia wazee kwamba mimi sijui kitu."

Mkono wa Mama Pacha uliushika wa Fundi kabla kidole hakijagusa kioo cha simu. Haukuwa mkono wa mtu anayeomba.

"Hujui kitu? Umeapa unajua. Sikukutuma, nilikukataza, ukaandika kwa mkono wako mwenyewe, na Wakili sasa hivi anausoma. Ukiufuta, hutakuwa umewadanganya tu. Utakuwa umewatangazia kwamba nilimuua mume wangu."

"Na je, ulimuua?"

Mama Pacha hakukasirika. Alimtoa Fundi uzi uliokuwa umemganda begani, taratibu, kama mama anayemwandaa mtoto kwa safari. Kisha akauvuta mlango, mwanga wa barabarani ukawapiga wote wawili machoni.

"Tangulia, shahidi wangu," alisema. "Wazee wa ukoo ule hawamsikilizi mtu mpaka awe ameapa. Na wewe leo utaapa mara ya pili."